Mpangilio, Umbo na Mahusiano: Muundo na Kazi ya Protini kwa Mfano wa Himoglobini

1.0 Utangulizi

Neno protini limekwisha kuota mizizi katika Kiswahili cha kila siku, lakini limeingia kwa mlango wa jikoni. Msemaji wa kawaida akilisikia hukumbuka maharage, dagaa, mayai na maziwa, yaani vyakula vya kujenga mwili kama vinavyotajwa shuleni na katika kliniki za watoto. Matumizi hayo si makosa. Hata hivyo, yamefunika mambo mawili ambayo mwanafunzi wa elimu ya viumbe hana budi kuyajua mapema. Kwanza, protini ni sehemu ya kiumbe hai kabla ya kuwa chakula cha kiumbe mwingine: msuli wa samaki haukuwapo kwa ajili ya kitoweo, bali kwa ajili ya kuogelea. Pili, protini si dutu moja. Kwa kuwa nomino hii haibadiliki katika wingi, ni rahisi kuidhania kuwa ni kitu cha namna moja kama chumvi au sukari, ilhali binadamu ana jeni takriban 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini, na kila protini ina mpangilio wake na shughuli yake.

Istilahi yenyewe ilianza kuchapishwa mwaka 1838 na mkemia Mholanzi Gerardus Johannes Mulder, kwa pendekezo la mwenzake wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu cha daraja la kwanza. Mulder alidhani kwamba dutu zote za aina hiyo zina kiini kimoja cha kikemia. Dhana hiyo ilikuja kukanushwa, lakini jina likabaki.

Makala hii inaeleza uhusiano uliopo baina ya muundo wa protini na kazi yake, kwa kufuata protini moja tu, himoglobini, ambayo hubeba oksijeni katika damu. Imechaguliwa himoglobini kwa sababu historia yake ya kitaalamu inajulikana kwa undani, na pia kwa sababu hitilafu yake moja, ile inayosababisha ugonjwa wa selimundu, inahusu moja kwa moja watu wa pwani ya Afrika Mashariki na wa kandokando ya Ziwa Victoria. Vitabu vingi vya kiada hufupisha uhusiano huo kwa kusema kwamba umbo la protini ndilo linaloamua kazi yake. Hoja ya makala hii ni kwamba kauli hiyo ni ya kweli lakini haitoshi. Selimundu inaonyesha kwamba protini inaweza kubaki na umbo lake, ikaendelea kufanya kazi yake, na bado ikamdhuru mwenye nayo, kwa sababu uhusiano wake na protini jirani umebadilika.

2.0 Mpangilio wa Mnyororo

Kila protini ni mnyororo wa molekuli ndogo ziitwazo asidi amino. Katika kila asidi amino kuna atomu ya kaboni iliyo katikati. Atomu hiyo imeshikamana na kundi la amino lenye naitrojeni, kundi la asidi, atomu moja ya haidrojeni, na tawi la pembeni. Sehemu tatu za kwanza ni zilezile kwa zote. Tawi ndilo linalotofautisha asidi amino moja na nyingine. Tawi la glaisini ni atomu moja tu ya haidrojeni. La asidi glutamiki hubeba chaji hasi ya umeme na hupenda maji. La valini ni la kaboni na haidrojeni tupu, na kama mafuta, hukimbia maji. Asidi amino za kawaida katika protini za viumbe hai ni 20, na ni zilezile kwa bakteria, mchicha, tembo na binadamu.

Asidi amino mbili zinapoungana, molekuli moja ya maji hutoka, na kiungo kinachobaki huitwa kiungo cha peptidi. Mnyororo hurefuka hivyo hadi kufikia asidi amino makumi, mamia au hata maelfu. Ufuatano wake haukutokea kwa bahati. Umeandikwa katika DNA, ambamo kila kundi la herufi tatu za kikemia hutaja asidi amino moja. Aliyethibitisha kwa mara ya kwanza kwamba protini ina ufuatano mmoja maalumu ni Frederick Sanger wa Cambridge, ambaye kufikia mwaka 1955 alikuwa amekamilisha kusoma insulini yote: minyororo miwili, mmoja wa asidi amino 21 na mwingine wa 30. Kabla ya hapo, wataalamu kadhaa waliamini kwamba protini ni mchanganyiko usio na mpangilio thabiti. Sanger alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1958.

Hapa ndipo inapoonekana kasoro ya kuifahamu protini kama chakula tu. Mtu akila maharage, protini za maharage hazihamii katika misuli yake. Vimeng'enya vya tumbo na utumbo, ambavyo navyo ni protini, huikata ile minyororo, asidi amino huingia katika damu, na seli huzipanga upya kwa kufuata maelekezo ya DNA ya mlaji. Kwa hiyo kinacholiwa ni malighafi. Mpangilio ni wa mwili wenyewe.

Wanaisimu watakuwa wamekwisha kuona mfanano na lugha: herufi chache, maneno mengi. Mfanano huo unafaa kwa kiasi fulani, na utarejewa hapa chini. Ila una mpaka mmoja wa kuzingatiwa. Katika lugha, uhusiano wa sauti na maana ni wa makubaliano ya jamii. Hakuna kitu katika sauti za neno mti kinacholazimisha mti uitwe hivyo. Katika protini hakuna makubaliano. Tawi lenye chaji hasi huvutwa na lenye chaji chanya, na tawi lenye tabia ya mafuta huyakimbia maji, penye msomaji na pasipo na msomaji.

3.0 Kutoka Mnyororo hadi Umbo

Mnyororo ulionyooka haufanyi kazi. Ndani ya seli, ambamo maji ni mengi, asidi amino zinazokimbia maji hujikusanya katikati, na zinazopenda maji hubaki nje. Mnyororo hujikunja kwa nguvu hizo, pamoja na viungo vya haidrojeni, ambavyo kimojakimoja ni dhaifu lakini kwa wingi wake huwa imara.

Mwaka 1951 Linus Pauling, Robert Corey na Herman Branson walieleza namna moja ya kujikunja, msokoto wa alfa, ambamo mnyororo huzunguka kama uzi wa parafujo na kila mzunguko mmoja huchukua asidi amino 3.6. Mwaka huohuo Pauling na Corey walieleza namna ya pili, bamba la beta. Msomaji aliyewahi kumtazama mwanamke wa pwani akishona mkeka ataielewa namna hii ya pili bila shida. Mashupatu hulazwa sambamba, ukingo kwa ukingo, kisha hushonwa yakawa kitu kimoja kipana. Katika protini, vipande vya mnyororo ndiyo mashupatu, na viungo vya haidrojeni ndiyo uzi wa kushonea. Kolajeni, protini ya ngozi, mifupa na kano, ina mtindo wake: minyororo mitatu husokotwa pamoja kama kamba ya makumbi, na kila asidi amino ya tatu sharti iwe glaisini, kwa kuwa katikati ya kamba hiyo hapana nafasi ya tawi kubwa zaidi.

Je, ni nani anayeukunja mnyororo? Jibu lilitolewa na Christian Anfinsen wa Marekani kwa majaribio juu ya kimeng'enya kimoja chenye asidi amino 124. Alikifungua kwa kemikali mpaka kikapoteza umbo na kazi, kisha akaziondoa kemikali hizo taratibu. Kimeng'enya kilijikunja chenyewe na kuanza kazi tena. Maana yake ni kwamba maelekezo ya umbo yamo ndani ya mpangilio. Anfinsen alipata Nobel mwaka 1972. Seli hai zina protini nyingine zinazosaidia ukunjaji usiende upogo, lakini kanuni haikubadilika. Kanuni hiyo ndiyo iliyowezesha programu ya kompyuta AlphaFold, mwaka 2020, kukisia maumbo ya protini nyingi kutokana na mpangilio wake kwa usahihi uliowashangaza wataalamu. Demis Hassabis na John Jumper walipewa Nobel ya kemia mwaka 2024 kwa kazi hiyo, pamoja na David Baker aliyebuni protini mpya.

Si kila mkunjo hurudi. Ute wa yai ukichemshwa, protini zake hufunguka, zikanasana ovyo na kuwa nyeupe. Hakuna kupoozwa kutakakolirudisha yai katika hali yake ya awali. Maziwa yakigandishwa kuwa mtindi, jambo linalotokea ni tofauti kidogo: bakteria hutengeneza asidi, asidi hiyo hufuta chaji zilizokuwa zikizifanya chembe za kasini zisukumane, na chembe hizo hushikamana. Mfano huu wa maziwa si wa kupita hivihivi. Unaonyesha kwamba protini zinaweza kukaa pamoja kwa amani kwa sababu tu ya chaji zilizo juu ya uso wake, na kwamba chaji hizo zikiondoka, kilichokuwa majimaji huganda.

4.0 Himoglobini Inavyobeba Oksijeni

Molekuli moja ya himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne: miwili ya alfa, kila mmoja na asidi amino 141, na miwili ya beta, kila mmoja na asidi amino 146. Jumla ni 574. Kila mnyororo umelikumbatia bamba dogo liitwalo himu, lenye atomu moja ya chuma katikati, na kila chuma hushika molekuli moja ya oksijeni. Seli moja nyekundu ya damu ina molekuli za himoglobini zipatazo milioni 270. Zimesongamana kwelikweli; theluthi moja hivi ya uzito wa seli hiyo ni himoglobini. Msongamano huo uwekwe akilini, kwa maana ndiyo chanzo cha balaa litakalotajwa punde.

Umbo la himoglobini liligunduliwa na Max Perutz na wenzake huko Cambridge, kwa kupitisha eksirei katika fuwele zake. Kazi hiyo ilimchukua Perutz zaidi ya miaka 20, na taswira ya kwanza ilichapishwa mwaka 1960. Yeye na John Kendrew, aliyechunguza mayoglobini ya misuli, walitunukiwa Nobel mwaka 1962. Mwaka 1970 Perutz alieleza jambo lililokuwa limewatatiza wataalamu kwa muda mrefu: himoglobini inajuaje kuishika oksijeni mapafuni na kuiachia misulini? Ilibainika kwamba molekuli hiyo ina hali mbili, moja ya kubana na nyingine ya kulegea. Oksijeni ya kwanza ikishikwa, chuma husogea kidogo na kuuvuta mnyororo wake. Mnyororo huo huwasukuma wenzake, na molekuli yote huelekea hali ya pili, ambamo oksijeni zinazofuata hushikwa kwa wepesi zaidi. Katika tishu zenye oksijeni haba, mwendo ni wa kinyume. Mnyororo mmoja peke yake usingeweza kufanya hivyo. Hata katika protini iliyo nzima, kwa hiyo, kazi hutokana na mahusiano ya sehemu zake.

Uwezo huohuo wa kushika una hatari yake. Hewa ya monoksidi ya kaboni, inayotoka katika jiko la mkaa lililowashwa ndani ya chumba kilichofungwa, hushikamana na himu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu hukosa hewa damu yake ikiwa imejaa himoglobini isiyo na kasoro yoyote.

5.0 Badiliko la Asidi Amino Moja

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alichapisha maelezo ya mgonjwa kijana, mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka Grenada, ambaye seli zake nyekundu, badala ya kuwa na umbo la visahani, zilikuwa ndefu na zenye kujipinda kama mundu. Jina selimundu limezaliwa na taswira hiyo. Ni istilahi iliyoundwa vizuri, tena fupi, lakini inataja kilichoonekana kwa hadubini tu. Chanzo hakimo katika seli, bali katika molekuli.

Hilo lilithibitishwa mwaka 1949 na Pauling pamoja na Harvey Itano, S. J. Singer na Ibert Wells. Waliweka himoglobini za watu wazima wa afya na za wagonjwa katika uga wa umeme, wakaona kwamba zinasafiri kwa mwendo tofauti. Wazazi na ndugu wenye dalili ya selimundu bila ugonjwa walikuwa na aina zote mbili kwa pamoja. Kwa mara ya kwanza maradhi ya binadamu yalielezwa kuwa ni maradhi ya molekuli. Lakini tofauti ya chaji ilitoka wapi? Vernon Ingram, pale Cambridge, aliikata himoglobini kwa kimeng'enya cha tripsini katika vipande vipatavyo 30, akavitandaza juu ya karatasi kwa umeme na kwa kimiminika, na kulinganisha madoa yaliyojitokeza. Doa moja tu lilikuwa mahali tofauti. Kufikia mwaka 1957 alikuwa ameonyesha kwamba katika nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, asidi glutamiki imeondoka na valini imekaa mahali pake. Katika DNA, badiliko hilo ni la herufi moja: GAG imekuwa GTG.

Mwanafonolojia angeiita hali hii jozi finyu. Maneno pata na bata yanatofautiana kwa sauti moja katika mazingira yaleyale, na tofauti hiyo yatosha kubadili maana. Vivyo hivyo himoglobini A na himoglobini S. Tena, kama ilivyo katika fonolojia, si kila badiliko lina uzito sawa. Afrika Magharibi kuna himoglobini C, ambamo nafasi ileile ya 6 imechukuliwa na laisini badala ya valini. Laisini ina chaji chanya na inapenda maji. Mtu aliyerithi C kutoka kwa wazazi wote wawili hupata upungufu wa damu ulio hafifu tu, wala hapati mateso ya selimundu. Nafasi ni moja, lakini tabia ya kilichoingia ndiyo iliyoleta tofauti.

Valini ya nafasi ya 6 hufanya nini, basi? Jibu la haraka lingekuwa kwamba huharibu umbo la himoglobini. Jibu hilo si sahihi. Uchunguzi wa fuwele umeonyesha kwamba himoglobini S imejikunja karibu sawasawa na himoglobini A, na inaendelea kubeba oksijeni. Nafasi ya 6 iko juu ya uso wa molekuli, mbali na himu. Kilichotokea ni kwamba mahali palipokuwa na chaji hasi yenye kupenda maji sasa pana kidoa chenye tabia ya mafuta. Himoglobini inapoachia oksijeni na kuingia katika hali yake nyingine, kishimo chenye tabia hiyohiyo hujifungua juu ya mnyororo wa beta, baina ya asidi amino ya 85 na ya 88. Valini ya molekuli moja huingia katika kishimo cha molekuli jirani. Jirani naye ana valini yake. Molekuli hufuatana hivyo hadi kuunda uzi wenye nyuzinyuzi 14, na nyuzi nyingi huinyoosha seli kutoka ndani mpaka ikawa mundu. Oksijeni ikirudi, kishimo hujifunga na nyuzi huyeyuka. Lakini seli iliyopinda na kunyooka mara nyingi huharibika utando wake. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku zipatazo 120. Ya mgonjwa huishi kati ya siku 10 na 20 hivi. Hapo ndipo upungufu wa damu unapotoka. Seli ngumu zikiziba mishipa myembamba huleta maumivu makali ya mifupa, na pengine kiharusi kwa mtoto mdogo.

Kwa hiyo programu inayokisia umbo la mnyororo mmoja, hata ikikisia vyema kabisa, haiwezi kwa kazi hiyo peke yake kuuona ugonjwa huu. Molekuli moja ya himoglobini S iliyo peke yake ndani ya maji haina ugonjwa. Ugonjwa uko katika umati.

Kuna jambo jingine linalofaa kukaziwa, nalo ni muda. Baada ya oksijeni kuachiwa, nyuzi hazijitokezi papo hapo. Kuna kipindi cha kungoja, na kipindi hicho hutegemea mno ukolezi wa himoglobini ndani ya seli. Ukolezi ukiongezeka kidogo tu, kipindi hicho hupungua mara nyingi. Seli hupita katika kapilari kwa muda wa sekunde moja au chache. Ikiwahi kutoka na kurudi mapafuni kabla ya nyuzi kuanza, haigeuki mundu. Ndiyo maana mgonjwa huhimizwa kunywa maji mengi na kujikinga na homa. Agizo hilo, ambalo masikioni mwa wengi husikika kama nasaha ya kawaida ya hospitali, msingi wake ni fizikia ya molekuli zilizosongamana.

6.0 Malaria na Gharama ya Kinga

Swali lililobaki ni kwa nini jeni yenye madhara kama haya haikutoweka. Jibu lilipatikana Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alikusanya sampuli za damu nchini humo mwaka 1949 akaona kwamba watu wenye jeni moja ya selimundu walizidi asilimia 20 katika baadhi ya jamii za pwani na za kando ya Ziwa Victoria, na walikuwa chini ya asilimia 1 katika nyanda za juu. Ramani hiyo ilifanana na ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha Waluo 30 watu wazima walioambukizwa malaria kwa makusudi: kati ya 15 wasio na jeni hiyo, 14 walipata vimelea, kati ya 15 wenye jeni moja, ni 2 tu. (Jaribio la namna hiyo lisingepita leo bila mjadala mzito wa maadili, na watu hao 30 hutajwa katika vitabu kwa idadi yao tu.)

Takwimu zake kutoka Musoma, Tanganyika, zinafundisha zaidi. Kati ya watoto wachanga 287, wenye jeni moja walikuwa 89 na wenye jeni mbili, yaani wagonjwa, walikuwa 9. Kati ya watu wazima 654, wenye jeni moja walikuwa 249 na wenye jeni mbili 5. Kwa maneno mengine, wenye jeni moja walipanda kutoka asilimia 31 hadi 38, na wagonjwa walishuka kutoka zaidi ya asilimia 3 hadi chini ya 1. Tofauti hiyo ya asilimia ni watoto waliokufa: baadhi kwa selimundu, wengine kwa malaria kwa kukosa jeni hata moja.

Mwenye jeni moja ana himoglobini za aina mbili katika kila seli. Molekuli za A huingilia kati, na nyuzi hazipati nafasi ya kuanza katika hali ya kawaida. Lakini kimelea cha malaria kinapoingia katika seli hutumia oksijeni na kubadili mazingira ya ndani. Seli hiyo hupinda, na bandama huiondoa pamoja na mgeni wake. Wataalamu wameeleza njia nyingine pia, mathalani kwamba himoglobini S hutatiza usafirishaji wa protini ambayo kimelea hukitumia kuishikiza seli kwenye ukuta wa mshipa.

Wazazi wawili wenye jeni moja moja wana uwezekano wa robo, kwa kila mimba, wa kupata mtoto mgonjwa. Maneno kwa kila mimba yana uzito wake. Wazazi wengi huelezwa robo wakaelewa kwamba mtoto mmoja akishaugua watatu watakaofuata wamesalimika. Haiko hivyo, kila mimba ni kura mpya. Isitoshe, jeni moja hutoka kwa mama na nyingine kwa baba. Desturi ya kumlaumu mama peke yake, ambayo imevunja ndoa nyingi, haina msingi wowote katika elimu ya viumbe.

7.0 Tiba kama Marekebisho ya Mahusiano

Mtoto mwenye selimundu huzaliwa bila dalili, na maradhi hujitokeza baada ya miezi kadhaa. Sababu ni kwamba kabla ya kuzaliwa mwili hutumia himoglobini ya kijusi, ambayo mahali pa minyororo ya beta ina minyororo ya gama. Mnyororo wa gama hauna valini katika nafasi ya 6, na katika nafasi ya 87 una glutamini ambapo beta ina threonini; tofauti hiyo huzuia molekuli zisipangike sambamba katika uzi. Himoglobini ya kijusi iliyochanganyika na S hufanya kazi ya msuluhishi. Watu wachache huendelea kuwa nayo kwa wingi ukubwani, na ugonjwa wao huwa nafuu, kama inavyoonekana mashariki ya Saudia kwa wale waliorithi jeni ya selimundu ya nasaba ya Kiarabu na Kihindi. Nchini Oman nasaba hiyo hukutana na zile za Kiafrika, jambo lisilomshangaza anayejua historia ya Bahari ya Hindi.

Dawa ya haidroksiurea, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 1998, huongeza himoglobini ya kijusi. Utafiti uliofanywa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, na kuchapishwa mwaka 2019, ulihusu watoto 606 waliotibiwa kwa dawa hiyo; maumivu, maambukizi ya malaria, haja ya kuongezwa damu na vifo, vyote vilipungua. Dawa nyingine, voxelotor, ilifuata njia tofauti: iliifunga himoglobini katika hali yake ya kushika oksijeni ili kile kishimo kisijifungue. Kimantiki ilikuwa dawa safi kabisa. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2019, ikaongeza kiwango cha himoglobini katika damu, lakini Septemba 2024 iliondolewa sokoni duniani kote baada ya takwimu kuonyesha kwamba hatari zake zimezidi faida. Molekuli ilitii, mwili haukutii.

Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni. Kinyume cha matarajio ya wengi, tiba hiyo hairekebishi ile herufi moja iliyokosewa. Seli za uboho za mgonjwa hutolewa, sehemu ya DNA inayoiwasha jeni BCL11A katika ukoo wa seli nyekundu hukatwa, na kwa kuwa jeni hiyo ndiyo iliyokuwa ikiizima himoglobini ya kijusi, utengenezaji wa minyororo ya gama huanza upya. Valini ya nafasi ya 6 inabaki palepale. Inanyimwa jirani wa kumshika. Bei ya tiba hiyo kwa mgonjwa mmoja nchini Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2, mbali na gharama za hospitali na za dawa kali za kuutayarisha uboho. Haidroksiurea ni kidonge cha kumeza kila siku.